Benzi ya Ataa Tettey

"HAKUNA FAILI," redio iliandika kwa mara ya saba, kwa herufi za buluu, bila haya.

Fundi Sowah alichomoa flashi, akaipuliza, akaifuta kwenye suruali, akairudisha tunduni. Kichwa na mabega vilikuwa ndani ya Benzi, miguu nje, kama mtu aliyemezwa nusu na samaki. Huyu ndiye fundi ambaye, kwa maneno yake mwenyewe, aliwahi kufunga spika kwenye jiko la mkaa, likaimba mpaka kenkey, yale madonge ya unga wa mahindi, ikaiva kabla ya wakati wake. Lakini flashi ya Mama Adoley ilikuwa inamtoa jasho.

"HAKUNA FAILI."

"Zimo," alisema Mama Adoley kutoka nje ya dirisha la gari. "Nyimbo kumi na mbili. Nilikuwepo zikiingizwa."

"Mama, redio haizioni."

"Basi ina macho mabovu. Itibu."

Mumewe, Ataa Tettey, aliendesha teksi za watu barabara ya Labadi miaka thelathini na moja, na miaka yote hiyo mkewe alikaa kiti cha pembeni kila Jumapili. Kila alipoweka wimbo wake, mkono wa mume ulinyooka, tk!, yale magitaa yake yakarudi. Na mama si mtu wa kupigiwa tk. Ndiye anayeanzisha nyimbo katika kwaya ya wanawake. Upepo ukikaa vizuri, wavuvi humsikia wakiwa baharini wakadhani wameitwa kula. Kijiji kizima kilimsikia, isipokuwa mtu mmoja.

"Anarudi nyumbani Ijumaa jioni," alimwambia fundi, sasa kwa sauti ya chini. "Jumamosi saa tatu asubuhi anaondoka na gari. Nataka anisikie. Wimbo mmoja tu, fundi, mwanzo hadi mwisho."

Sowah alitaka kujibu, ila mlangoni pa karakana paliingia tumbo, na nyuma ya tumbo akafuata Odartey, mdogo wake Ataa Tettey. Alizunguka Benzi mara mbili, akagusa boneti, akabaki na rangi nyeusi kidoleni.

"Haijakauka!"

"Ndiyo maana hatushiki, shemeji," alisema Mama Adoley.

Odartey alijifuta, akatoa mfukoni kichezea muziki kidogo kama kiberiti, na kebo yake imekizunguka. "Hiki ni cha kaka mwenyewe. Nyimbo elfu mbili, magitaa matupu. Chomeka, fundi."

Sowah alichomeka. Magitaa yalilipuka papo hapo, spika nne kwa pamoja, mpaka kuku wa jirani wakapanda ukutani.

"Umeona?" Odartey alicheza kidogo, tumbo likitangulia. "Gari linamjua mwenyewe! Shemeji, hizo nyimbo zako waimbie wagonjwa, wapate sababu ya kupona haraka."

"Nyumba yangu, mume wangu," alisema mama.

"Na gari la ukoo. Ukoo ndio ulioliagiza."

Mama Adoley alivuta kigoda, akakaa, akageuza uso ukutani. Sowah alimwona akikunja ncha ya kanga yake, akiikunjua, akiikunja tena. Fundi alijitoa garini, vumbi la mbao kwenye nywele, akachomoa flashi.

"Nyimbo hizi zilirekodiwa na nini, mama?"

"Simu ya mtunza hazina wa kwaya."

"Loo! Si ungesema! Simu ile inaandika kwa namna yake, redio haijasoma shule hiyo."

Alivuka barabara hadi kwa binti mwenye kompyuta. Alipoondoka, Odartey alikuwa anacheza. Aliporudi baada ya nusu saa, Odartey alikuwa amekaa anahema. Sowah akachomeka flashi. Herufi za buluu zikafikiri. Kisha sauti ya Mama Adoley ikajaa karakana nzima, peke yake kwanza, halafu wanawake thelathini nyuma yake. Fundi alisahau bisibisi mkononi. Hata Odartey alivua kofia, kisha akakumbuka upande wake na kuivaa.

"Haya, sasa vyote viwili vimo," alisema Odartey. "Kipi kinaanza?"

"Ukiwasha, redio inaanza na flashi," alisema Sowah. "Anayetaka magitaa anabonyeza hapa, kwenye dashibodi."

"Na betri itafika? Safari ni dakika ishirini."

"Haina injini ya kulisha, mzee, inalisha muziki tu. Itadumu muda wa saa sita."

"Sitaki ugomvi Jumamosi," alisema Odartey. "Nani abonyeze?"

Fundi alimtazama mama, akamtazama shemeji, akajikuna shingo kwa bisibisi. "Gari lina mwenyewe. Mwenye gari aamue."

"Naafiki!" alisema Mama Adoley kabla sentensi haijatua. "Akitaka magitaa yake, anyooshe mkono abonyeze. Mimi sitamzuia."

Odartey alimwangalia fundi kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe na mwizi akamshukuru.

Jumamosi saa tatu, wimbo wa kwanza wa Mama Adoley ulianza, ukaendelea hadi mwisho, na Ataa Tettey hakunyoosha mkono. Wanaume sita waliovaa glavu nyeupe walimfunika kwa paa la Benzi, wakagongomea misumari, wakaliinua jeneza hilo la mbao, gari zima, mabegani na kuondoka nalo wakicheza kuelekea makaburini.