Gari la Baba

Mwajabu alikaa kwenye gari alilorithi kwa baba yake, ameushika usukani unyooke kama fundi alivyomwagiza. Mumewe alikuwa amelinyanyua gari kwa springi ndefu kwa ajili ya njia mbovu ya shambani, ndivyo alivyomwambia, na tangu hapo usukani ukakaa upande. Fundi Kilua alikuwa uvunguni akirekebisha tairodi, chuma kinachounganisha usukani na magurudumu.

“Shikilia hapo hapo, dada. Mnunuzi asije akaukuta umepinda.”

“Mnunuzi gani?”

Fundi alichungulia kutoka uvunguni. “Si shemeji kasema mmekubaliana? Analichukua leo.”

Mwajabu alitazama getini. Mumewe alikuwa akicheka na mgeni. Macho yao yalipokutana, kicheko kikamkauka.

Fundi alitoka uvunguni, akajifuta mikono. “Umenyooka. Uachie sasa, dada.”

Mwajabu hakuuachia. Aliwasha gari.