Presha Imeshuka

"Presha imeshuka!" Mzee Shekue alimpigia kelele jirani yake, macho kwenye mshale wa kipimahewa kilichotundikwa ukutani. Hewa ikilegea hivyo, upepo mkali hauko mbali.

Bi Mashavu, ambaye mumewe alikuwa amelazwa kwa presha, akapiga kigelegele. "Alhamdulillahi! Basi kesho anarudi!" Akaanika uani mpunga wake wote, autwange kumpokea.

Shekue alicheka mpaka akashika mbavu. Kabla hajamaliza kucheka amweleze, upepo ukaja ukauzoa mpunga, kuku wakaudonoa huko huko hewani.

Jioni Bi Mashavu alimletea sahani ya wali. "Kula, shemeji. Huu ndio uliobaki, na mleta habari njema hakosi tonge."

Shekue akabaki na tonge mkononi. Ukutani, mshale ulikuwa unapanda.