Kanga na Wageni wa Tovuti

"Jamani, nani amemwona mwanangu Kidoa?" Kanga aliuliza pori zima baada ya moto.

Kasuku, hodari wa mitandao, akamtengenezea tovuti ya kumtafuta kifaranga. Ili kuvuta wageni, akasambaza video zake mwenyewe akikata mauno. Wageni wakafurika. Kima alicheka, Pundamilia akabonyeza moyo, kisha wote wakaenda zao.

"Shangazi, tumevuma!" Kasuku akashangilia.

"Mioyo yote hiyo, na hakuna hata mmoja aliyesoma jina la mwanangu?"



Alikuwepo mmoja. Konokono, ambaye hata kusoma husoma polepole, aliufikia mwisho wa ukurasa. Akageuka kumtazama kifaranga aliyejibanza kwenye majani jirani, akaandika: "Dada Kanga, njoo. Yuko kwangu, mzima, ana njaa tu."

Kanga alimfunika mwanawe kwa bawa mpaka akalala. Ndipo akamwita Kasuku aliyejiinamia pembeni.

"Kasuku mwanangu, sikugombezi. Sungura naye anamtafuta wake. Mtengenezee tovuti, ila safari hii usicheze. Waambie tu jina la mtoto."