Kitufe cha Tabo

Tangu sheria ya nafasi ianze kutumika, kila aliyeandika programu za pamoja za kompyuta alitakiwa kusogeza mistari yake ndani kwa kubonyeza kitufe cha nafasi mara nne. Kitufe cha tabo, kinachosogeza mstari kwa kubonyezwa mara moja, kilipigwa marufuku. Jirani wa akina Mwanakheri, Mzee Kisanga, alichukuliwa kwa kosa hilo, na hakuna aliyethubutu kuuliza alikopelekwa.

Mwanakheri alikuwa jikoni akimenya viazi aliposikia mumewe, Hamduni, akiandika sebuleni. Kila mstari ulianza kwa mlio mmoja tu. Alikimbilia huko na kumkuta binti yao, Salha, amesimama nyuma ya kiti cha baba yake.

"Baba, mbona unabonyeza mara moja?"

Hamduni aliondoa mikono kwenye kibodi. "Nimepitiwa, mwanangu. Ni mazoea ya zamani."

"Mwalimu ametufundisha kusikiliza," Salha alisema kwa upole. "Tukisikia, tumwambie."

Mwanakheri alipiga magoti mbele yake. "Na wewe utamwambia, mama?"

Salha alimtazama baba yake, kisha akatikisa kichwa. "Sitasema."

Hamduni alifuta kazi yote na kuiandika upya kwa nafasi.

Asubuhi Mwanakheri alichukua kitana, akaenda kumsuka binti yake. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri na sare haikuwepo. Salha alikuwa ameshakwenda shule, peke yake, kwa mara ya kwanza.