Matawi ya Mkaratusi

Dereva wa lori alikishika kizimba kwa mikono miwili. "Mheshimiwa, pembetatu ya tahadhari sikuwa nayo, nakiri. Lakini lori lilipoharibika nilikata matawi ya mkaratusi, mabichi, nikayatandaza barabarani kabla ya kona."

"Polisi hawakukuta hata jani," alisema wakili wa Tunu, mjane wa mwenye pikipiki.

"Niliyaweka. Naapa."

Hakimu alishusha pumzi. Marehemu aliligonga lori akiwa hana taa. Lori nalo lilisimama bila alama. Kila upande ungebeba sehemu yake ya kosa. "Tuseme matawi yalikuwepo. Nani aliyaondoa?"

Tunu alijua. Madereva wa njia ile wakishatengeneza gari huondoka na kuyaacha matawi palepale, na wanawake huyaokota kuni. Jioni ile naye alidhani lori limeshaondoka. Hakufika kwenye kona kuchungulia. Alifunga mzigo wake, akakatiza mashambani hadi nyumbani, akabandika chungu amsubiri mumewe.

Mama mkwe, aliyekuwa ameushika mkono wake tangu asubuhi, alimnong'oneza, "Muongo huyu, mwanangu." Kisha akainua kichwa, kama mtu aliyenusa kitu.

"Tunu. Kuni za jioni ile si zilikuwa mbichi? Moshi si ulitutoa machozi?"

Tunu hakuthubutu kugeuka. Vidole vya mama mkwe vililegea juu ya mkono wake, lakini havikuuachia.