Mlinzi wa Kasa

Mayai mia moja na kumi. Siku sitini. Baharia aliyaandika hayo kwenye kiganja cha mkono wa kushoto, haraka haraka, kabla mwalimu hajabadilisha picha.

Jina hilo walimpa wenzake wa karakana ya magodoro, kwa kumcheka. Baharia gani huyo, jamani, bahari yenyewe hajaiona hata siku moja! Lakini kila Jumatano, semina ya mtandaoni ya viumbe wa pwani ilipofunguliwa pale maktaba, yeye alikuwa wa kwanza kuketi mbele ya skrini, nyuzi za pamba bado kichwani.

"We Baharia, mtihani lini?" walimtania.

"Jumamosi," alijibu, wala hakuwa na utani.

Jumamosi ndiyo siku ya kumpigia binti yake simu. Alimuaga akiwa na miaka tisa, akamwambia amepata kazi ya kulinda kasa ufukwe wa mbali, kazi isiyo na likizo mpaka mkataba uishe. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya huyu ilikuwa imeingia mwaka wa tatu, na mtoto alizidi kukua na kuuliza. Eti kasa hulia kweli? Taa za hoteli huwapotezaje watoto wa kasa? Akikosea jibu moja tu, atashtukiwa, na akishtukiwa, basi tena. Hakuwa na mtoto mwingine duniani ila huyo.

Jumatano hiyo alishindwa kujizuia. Akaomba maikrofoni.

"Mwalimu, shikamoo. Kasa akishafukia mayai yake anaondoka. Je, siku akirudi, watoto wake watamjua?"

Wenzake wakaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Hapana, alisema, hawawezi kumjua, hawajawahi kumwona. Kisha akaanza kuwashukuru washiriki, shule kwa shule, kikundi kwa kikundi, lakini Baharia hakumsikia tena. Alikuwa amekiinamia kiganja chake, akijifanya anasoma.

Jumamosi alipanga foleni ya simu saa nzima, wino wa kiganjani ameukoleza upya. Kila mtu dakika kumi, msimamizi kasimama mlangoni na saa yake. Dada wa Baharia, aliyekuwa akimlea mtoto, akapokea, akampa simu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Weee, ya juzi usingeamini! Kasa mkubwa kama meza kapanda ufukweni, mbele yangu hivi! Kataga mayai mia na kumi. Nikamlinda mpaka akarudi majini."

"Sawa, Baba." Kwa kawaida hapo maswali yangekuwa yanamwagika. Maji yakamfika Baharia shingoni.

"Vipi, kasa wamekuchosha siku hizi?"

"Hapana. Watoto wake watamjua, Baba. Mwalimu amekosea."

"Mwalimu yupi?"

"Wa semina. Jumatano darasa letu zima lilikuwemo. Sauti yako niliijua, Baba, hata kabla mwalimu hajasema, 'Na tunamshukuru ndugu yetu wa gerezani kwa swali lake.'"