Ngoma ya Bi Nyamizi

Siku mafundi walipomaliza njia ya mteremko kwenye jumba la kumbukumbu, Bi Nyamizi aliomba awe wa kwanza kuipita. Tangu miguu imkatae, ngazi saba za jumba lile zilikuwa zimemzuia asiione ngoma aliyoiwamba kwa mikono yake.

Fundi Lugembe akashika kiti chake cha magurudumu. "Nikusukume, mama?"

"Niache, mwanangu. Nimengoja miaka tisa, nataka nijipeleke mwenyewe."

Akapanda taratibu, jasho likimtoka, huku akicheka peke yake. Ndani, jua liliingia kwa madirisha mapya, na ngoma ilikuwa pale, kando ya kibao kilichoandikwa USIGUSE. Akanyoosha mkono.

"Samahani bibi, vitu hivi haviguswi," mlinzi akasema.

"Ngozi isiyopigwa hukauka ikapasuka. Miaka yote hii nani alikuwa akiipiga?"

Mlinzi akakitazama kibao, kisha akakigeuza kikaelekea ukutani.

Bi Nyamizi akapiga pigo moja, akasikiliza, akapiga tena. Nje, waliokuwa wakikandika ukuta kwa udongo wakaacha kazi, na mmoja wao, matope mpaka viwikoni, akaanza kutikisa mabega.